Panadol, diklofenaki na kopo la matunda: kabla hujavichanganya

"Hii si dawa, ni matunda tu." Anayeuza virutubisho, awe stendi ya mabasi, nje ya kanisa baada ya ibada au ndani ya kundi la WhatsApp la ukoo, hakosi kuitamka sentensi hiyo. Ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inauza. Unga wa ubuyu ni tunda. Noni ni tunda. Hata zile kapsuli za kupunguza kitambi, nyingi zimetengenezwa kwa ganda la tunda. Shida ni kile mnunuzi anachokisikia: basi naweza kumeza pamoja na chochote. Na kwa mwenye mgongo, magoti, hedhi kali au kichwa kisichokoma, "chochote" hicho mara nyingi ni dawa ya kutuliza maumivu.

Niseme mapema, ili mtu asitishike bure, kwamba matunda ya kawaida ya kula hayana ugomvi na vidonge vya maumivu, ukiacha machache nitakayoyataja. Aliyemeza Panadol mbili na akala embe, papai au chungwa hana la kuhofia. Mambo hubadilika pale tunda linapokaushwa, likasagwa na kukolezwa, kisha ukaambiwa ulitumie kila siku kwa miezi mitatu. Hapo mwili unapokea kiasi ambacho hakuna mtu angekifikia kwa kula tu.

Swali lenyewe huulizwa kinyume. Watu huuliza, "Noni ina madhara?" Anza na kidonge. Kikizidi, kinaumiza kiungo gani? Ukishajua hilo, uliza kama kirutubisho chako kinagusa kiungo hicho hicho. Karibu hatari zote za kuchanganya vitu hivi zinapatikana kwa maswali hayo mawili.

Kwanza, umemeza nini?

Dawa za maumivu tunazojinunulia wenyewe ni za jamii mbili. Ya kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol hata kama boksi lina jina jingine. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi moja na nyingine zipite saa 4 hadi 6. Mwenye uzito mdogo, mnywaji wa pombe kila siku au mgonjwa wa ini anahitaji kiwango cha chini ya hapo, akipangiwa na mtaalamu. Parasetamoli haichubui tumbo. Mzigo wake huubeba ini.

Jamii ya pili ni aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake kama naproxen na meloxicam. Hizi hupunguza maumivu pamoja na uvimbe kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Bahati mbaya, prostaglandini hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuruhusu damu ipite vizuri kwenye figo. Ndiyo sababu mtu wa diklofenaki ya kila siku huishia na vidonda vya tumbo, au huambiwa na daktari kwamba figo zimechoka. Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi miligramu 1,200 kwa siku. Diklofenaki, hata kwa cheti cha daktari, haipiti miligramu 150.

Kuna jamii ya tatu ya tramadoli, kodeini na mofini, ambayo haitakiwi kuuzwa bila cheti. Hizi hufanya kazi kwenye ubongo, na zikizidi hulegeza pumzi.

Mtego mkubwa uko kwenye vidonge vya mseto. Vipo vinavyouzwa sana vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ambayo imeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma. Anayemeza mseto wa diklofenaki kwa ajili ya mgongo, kidonge cha mafua kwa ajili ya kamasi na Panadol kwa ajili ya kichwa, amekunywa parasetamoli mara tatu kabla hata hatujafika kwenye matunda. Panadol Extra nayo ina kafeini miligramu 65 kwa kila kidonge. Kama kopo lako la "kuongeza nguvu" lina guarana, tunda la Brazili ambalo mbegu zake zimejaa kafeini, basi moyo unaokwenda mbio saa nane za usiku si uchawi.

Ini: garsinia na njaa

Parasetamoli inapopita kwenye ini, sehemu yake ndogo hugeuka sumu. Ini lenye afya huizima sumu hiyo kwa kutumia glutathioni, akiba ambayo linaitengeneza lenyewe kutokana na chakula tunachokula. Akiba ikiisha, kwa sababu dozi imezidi au mtu hali chakula cha kutosha, sumu inaanza kuua chembe za ini.

Sasa mfikirie mtu anayetaka kupungua. Anakula mlo mmoja kwa siku. Anameza kapsuli za Garcinia cambogia, tunda la Asia ya Kusini ambalo ganda lake husifiwa kwamba linayeyusha mafuta. Njaa inampa maumivu ya kichwa, naye anameza Panadol, asubuhi na jioni. Akiba ya glutathioni iko chini kwa sababu hali, dawa inaitumia hiyo iliyobaki, na garsinia yenyewe inajulikana kuwa imewahi kuumiza maini ya watu. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwataka wananchi waache kutumia bidhaa za kupunguza uzito za Hydroxycut baada ya kupokea taarifa za ini kuharibika. Baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa na garsinia. Tangu hapo madaktari wameendelea kuandika visa vya watu waliougua ini wakitumia garsinia. Ushauri wangu hapa hauna kona: ukiwa kwenye garsinia usimeze parasetamoli siku baada ya siku. Na kwa uzito mdogo mno ambao tafiti zimeonyesha inaupunguza, sioni kwa nini mtu aendelee nayo.

Noni imebeba lawama kuliko inavyostahili upande huu. Mwaka 2005 madaktari wa Austria waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kunywa juisi yake. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilivichunguza visa hivyo na mwaka 2006 ikasema haielekei kwamba noni ndiyo chanzo. Mwenye ini zima akinywa noni na Panadol za siku mbili, sidhani kama ana sababu ya kukosa usingizi. Matatizo ya noni yako kwenye figo, na huko tutafika.

Tumbo na damu

Aspirini huzima chembe sahani, zile zinazokusanyika kuziba jeraha, na ikishaizima chembe moja haiamki tena. Mwili hungoja siku 7 hadi 10 kutengeneza mpya. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya hivyo kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo kirutubisho chochote kinachosifiwa kwamba "kinafanya damu iwe nyepesi" kinavuta kamba upande uleule wa dawa hizi. Sifa inayokuuzia kopo ndiyo hatari yenyewe.

Mfano mzuri ni nyanya. Ulaya kuna majimaji ya nyanya yaliyokolezwa yanayouzwa kwa jina la Fruitflow, na mwaka 2009 EFSA ilikubali kwamba yanasaidia kupunguza kushikana kwa chembe sahani. Kwa asiyetumia dawa hilo linaweza kuwa jambo jema. Kwa anayemeza aspirini kila asubuhi, ni kuongeza dozi ambayo daktari wake hajui. Nyanya ya kachumbari haihusiki hapa.

Wazee wenye tezi dume nao hununuliwa na watoto wao walio ughaibuni kapsuli za saw palmetto, tunda la mchikichi mfupi unaoota kusini-mashariki mwa Marekani. Kumeripotiwa mgonjwa aliyevuja damu kupita kiasi akiwa kwenye upasuaji, akiwa anatumia kapsuli hizo. Bromelini, kimeng'enya kinachotolewa kwenye mnanasi na kuuzwa kwa ajili ya viungo, inashukiwa vivyo hivyo ikitumiwa pamoja na jamii ya aspirini. Anayekwenda kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji aache virutubisho hivi wiki mbili kabla, na amwambie daktari kwamba alikuwa akivitumia. Lakini asiache aspirini aliyopewa kwa ajili ya moyo bila kuongea na aliyempa.

Kwa wenye vali bandia za moyo na wengine wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwanza diklofenaki na ibuprofeni hazifai kabisa bila daktari kusema. Kisha kapsuli na juisi za kranberi, ambazo kina mama wengi huzitumia kwa ajili ya UTI: Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2003 kwamba zinaweza kuzidisha nguvu ya wafarini.

Ukwaju unastahili maneno yake, maana ni wetu. Watafiti wa Nigeria walichapisha mwaka 1996 jaribio la aspirini, na mwaka 2003 jingine la ibuprofeni, ambapo watu wenye afya walipewa dawa pamoja na chakula kilichotiwa ukwaju. Kiwango cha dawa kwenye damu kilipanda kuliko walipoimeza bila ukwaju. Walikuwa watu wachache, na kupanda kwa kiwango hakumaanishi kwamba waliumia. Mimi nachukua hivi: bilauri ya juisi ya ukwaju na ibuprofeni moja ya hedhi, endelea na shughuli zako. Lakini mwenye historia ya vidonda vya tumbo, ambaye tayari yuko kwenye dozi ya juu, asimezee kidonge kwa ukwaju mzito wala asiongeze unga wake kwenye uji kipindi hicho.

Figo: birimbi, ubuyu na dawa ya presha

Watu wa Pwani na Visiwani wanaijua birimbi kwenye achari na kwenye mchuzi wa samaki, na kwa kiasi hicho hakuna aliyedhurika. Kerala, kusini mwa India, ambako nako inaliwa sana, watu walianza kuikamua na kunywa juisi yake nzito kama tiba ya kolesteroli. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliripoti wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi hiyo, wengi wao wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Birimbi ina asidi ya oksaliki nyingi, nayo hugeuka fuwele zinazoziba mirija ya figo. Sasa ongeza diklofenaki, ambayo kazi yake ya pembeni ni kupunguza damu inayofika kwenye figo hizo hizo. Fuwele zinapaswa kusukumwa na mkojo, na mkojo umepungua. Mchanganyiko huu ni miongoni mwa ile ambayo ningeikataza moja kwa moja, hata kwa kijana mwenye afya.

Jambo la pili la figo ni potasiamu, na hapa ndipo unga wa ubuyu unapoingia. Gramu 100 za unga huo zina zaidi ya gramu 1 ya potasiamu. Juisi ya noni ina potasiamu karibu sawa na juisi ya chungwa. Madafu na tende vimo pia kwenye orodha. Kwa mwenye figo nzima, potasiamu hiyo ni neema, huisaidia hata presha kushuka, na ziada inatoka kwenye mkojo. Kwa mwenye figo dhaifu haitoki. Inapanda kwenye damu, na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa figo aliyeshangaza kliniki kwa potasiamu kubwa ingawa alidai anafuata masharti ya chakula. Alikuwa anakunywa noni.

Dawa za presha kama losartan na enalapril, pamoja na spironolaktoni, hupandisha potasiamu. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hupandisha, na zaidi ya hapo huipunguza nguvu dawa ya presha. Mzee anayetumia losartan na kidonge cha kukojoza, akaongezewa diklofenaki ya magoti, tayari amezibana figo zake kwa pande tatu. Madaktari wanauogopa mseto huo hata bila tunda lolote. Vijiko vya ubuyu kila asubuhi kwa ajili ya "kinga ya mwili" vinakuwa upande wa nne. Kwa mzee kama huyu, parasetamoli kwa kipimo chake, dawa ya kupaka kwenye goti na mazoezi mepesi ni njia salama zaidi, na ubuyu abaki nao kama kitafunwa cha mara moja moja, kama daktari hajamkataza potasiamu.

Wenye selimundu nao wanahusika sana. Maumivu yao huwapeleka kwenye diklofenaki mara kwa mara, figo zao huathirika mapema, na hawakosi jirani wa kuwaletea kopo la "kuongeza damu". Kabla ya kulifungua, wapime figo.

Balungi na danzi

Mwaka 1989 mtafiti wa Kanada, David Bailey, alikuwa anachunguza kama pombe inaingiliana na felodipini, dawa ya presha. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, aliichanganya na juisi ya balungi. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kupita matarajio, na pombe haikuwa na hatia. Balungi lina kemikali zinazozima kimeng'enya kilichoko kwenye ukuta wa utumbo, ambacho kwa kawaida huvunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Kikizimwa, dawa nyingi zaidi inapita.

Kwa parasetamoli, aspirini na ibuprofeni, balungi si tatizo. Ni tatizo kwa dawa kali za maumivu kama oksikodoni na fentanili, kwa kolchisini ya jongo, kwa karbamazepini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na kwa ergotamini ya kipandauso. Kuna moja zaidi inayotuhusu kuliko hizo zote: artemetha iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, ALu. Maliza dozi ya ALu kama ulivyoandikiwa, balungi lisubiri. Danzi lina kemikali za aina hiyo hiyo, na kapsuli za "chungwa chungu" za kupunguza uzito zinatokana nalo. Chungwa la kawaida halimo.

Kuachanisha saa kunasaidia wapi?

Ushauri unaosikika sana ni "usimeze kwa pamoja, acha saa mbili zipite." Unafaa mahali pamoja tu: pale kirutubisho kinapochelewesha dawa tumboni. Unga wa ubuyu una pektini nyingi, na pektini kwa kiwango kikubwa huchelewesha parasetamoli kufyonzwa. Mwenye kichwa kinachopasuka ameze kidonge kwa maji, uji wa ubuyu uje baada ya saa moja au mbili.

Kwingineko saa mbili hazikuokoi. Kimeng'enya kilichozimwa na balungi kinahitaji zaidi ya siku nzima kurudi, chembe sahani zilizozimwa na aspirini zinahitaji wiki, na potasiamu inakusanyika kidogo kidogo. Hapo suluhisho ni kuchagua kimoja.

Kuna jambo ambalo hakuna kupanga saa kunakoweza kulitatua. Mwaka 2022 FDA ya Marekani iliwaonya watu kuhusu kirutubisho cha viungo kiitwacho Artri King: maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo. Kirutubisho "cha asili" kinachokuondolea maumivu ya magoti ndani ya siku mbili kinapaswa kukutia wasiwasi zaidi ya furaha. Wala usitulizwe na maandishi kwamba kimetengenezwa Marekani. Sheria ya huko ya mwaka 1994 inaruhusu kirutubisho kuingia sokoni bila serikali kukiidhinisha kwanza.

Dirishani na nyumbani

Ukienda duka la dawa, nenda na kopo lenyewe au picha ya lebo yake kwenye simu, pande zote mbili. Sema wazi: "Dokta, nina presha, natumia losartan, na kila asubuhi nakunywa hiki. Naomba dawa ya mgongo isiyogombana navyo." Wengi huogopa kutaja virutubisho kwa hofu ya kufokewa. Heri ufokewe.

Mjamzito asijinunulie jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, hasa kuanzia wiki ya 20, na kapsuli za matunda yaliyokolezwa azisahau hadi atakapojifungua. Matunda ya sahani ale. Mtoto chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila daktari, na parasetamoli yake hupimwa kwa kilo zake. Maumivu yasiyoisha kwa wiki mbili yanahitaji kuchunguzwa, si kidonge kingine wala kopo jingine.

Acha kidonge na kirutubisho, vyote viwili, na uende hospitali siku hiyo hiyo ukiona kinyesi cheusi kama lami, matapishi yenye damu, macho ya njano, mkojo mweusi au uliopungua ghafla, miguu kuvimba, au moyo kupiga ovyo. Na kama umegundua umezidisha parasetamoli, usingoje dalili. Siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku ini likiharibika. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.